Dubu wa Kwenye Simu, Kaa wa Mtoni

Msyuuu! Wanaume wazima, wengine na wajukuu, saa nne asubuhi wamekaa kijiweni Murukulazo wanabishana nani zaidi kati ya dubu na kambakoche. Ngara hii! Huku ambako bahari tunaisikia kwenye taarifa ya habari, na baridi yetu kali kuliko zote inaisha ukivaa sweta. Benchi zima hakuna aliyewahi kumtia dubu machoni, na kambakoche alikuwa na shahidi mmoja tu: kijana aliyewahi kubeba matenga soko la Feri, Dar es Salaam, akarudi nyumbani na maneno mengi kuliko akiba.

Chanzo ni simu, kama kawaida. Dogo wa bodaboda alibakiwa na bando, akafungua video. Dubu kasimama juu ya maporomoko ya maji, samaki wanaruka kupanda juu, dubu kaachama, samaki anajileta mwenyewe mdomoni. Fundi baiskeli akaapa kwamba duniani hakuna mnyama kama huyo. Kijana wa Feri akamkata kauli: "Mnyama ni kambakoche, mzee wangu. Yule hazeeki. Hafi mpaka auawe." Drafti ikasimama hapo hapo, vizibo vikaachwa ubaoni, na aliyekuwa anakaribia kuingia kingi akasahau zamu yake.

Mimi nilikaa kimya mpaka kahawa ikapoa. Kisha nikasonya, na kwa kuwa nilisonya kwa sauti, ikabidi nijieleze.

Dubu tumpe haki yake. Ziko aina nane duniani, na leo Afrika haina hata moja porini. Aliwahi kuwepo mmoja kaskazini, kwenye milima ya Atlas, Morocco na Algeria huko, lakini inaaminika alimalizwa karne ya 19. Yule wa kwenye video ni wa Alaska, hifadhi inayoitwa Katmai, na wenyeji wa huko wana mchezo wao: tangu 2014, kila mwaka kabla ya baridi kuingia, watu hupiga kura mtandaoni kumchagua dubu aliyenenepa kuliko wenzake. Mama wa maandazi alicheka mpaka akashika meza. "Kunenepa nako kunapigiwa kura? Basi mimi niandikisheni."

Cheka, mama, lakini unene ule ndio chakula cha miezi inayokuja. Baridi ikishika, dubu anaingia shimoni, anakaa miezi mingi hali, hanywi, hakojoi. Na jike huzaa humo humo, gizani, kitoto cha nusu kilo au pungufu, akakinyonyesha kwa mafuta aliyoyabeba mwilini tangu kiangazi. Hapo mama wa maandazi aliacha kucheka, akauliza kama mume naye anakuwemo shimoni. Nikamwambia hayumo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeshatarajia jibu hilo.

Haya, kambakoche. Kijana wa Feri alikuwa anaonyesha picha ya kiumbe mwenye magando mawili makubwa, moja la kuponda na jingine la kukata. Huyo ni wa bahari ya Atlantiki, wa Marekani Kaskazini na Ulaya. Kambakoche wa kwetu, anayevuliwa Mafia, Kilwa, hadi Lamu, hana magando ya namna hiyo. Ana papasi mbili ndefu zenye miiba, na ukimshika vibaya ndiyo utajua kwa nini wazamiaji huvaa glavu. Kwa hiyo yule kijana alikuwa anamsifia mmoja kwa picha ya mwingine, na bado alikuwa anapandisha sauti.

Hilo la kutokuzeeka nalo lina chembe ya ukweli iliyovimbishwa. Kambakoche wa Atlantiki anaendelea kukua maisha yake yote, na mwilini anayo kemikali inayosaidia seli zisichoke upesi. Ila ili akue lazima avue gamba la zamani na kutengeneza jipya, na kadiri anavyokuwa mkubwa ndivyo kazi hiyo inavyommaliza nguvu. Wengi hufia humo humo kwenye kuvua. Anazeeka kama sisi, tofauti ni kwamba hana mvi za kumshuhudia. Nikaongeza na ya mkojo: tundu zake ziko usoni, chini ya papasi, na wawili wakigombana hurushiana mkojo machoni. Kijiwe kizima kikamgeukia mwenyekiti wa kitongoji cha jirani, ambaye sitamtaja, kwa sababu mkutano wa mwisho wa kijiji tuliuona sote.

"Uswisi," akasema Mwalimu mstaafu, ambaye haachi kusoma magazeti ya kufungia vitumbua, "tangu 2018 ni kosa kumtumbukiza kambakoche hai kwenye maji yanayochemka. Na Uingereza 2022 walitunga sheria inayomtambua kwamba anahisi maumivu, yeye na kaa na jamaa zao." Kimya. Kisha fundi baiskeli: "Na sisi tunaochemka kwenye foleni ya zahanati, tuko sheria gani?"

Sasa hapo ndipo mzee mmoja, mtu wa maneno machache na mashamba mengi, aliyekuwa amejikunyata pembeni na koti lake la mvua, aliposema neno pekee la maana asubuhi ile. "Hao wote ni wa watu. Wetu ni nani?"

Wetu ni kiboko na kaa. Niambieni kama si kweli. Dubu ni bonge la mnyama wa nchi kavu anayevizia mtoni. Kiboko ni bonge la mnyama wa mtoni anayevizia nchi kavu. Kambakoche ana gamba, miguu kumi na macho juu ya vijiti. Kaa wa mtoni anavyo vyote hivyo na hana haja ya bahari. Ulinganisho tunao mlangoni, sisi tunahangaika na Alaska.

Wilaya yetu imefungwa na maji. Ruvubu inaingia kutoka Burundi, inakutana na maji ya Rwanda karibu na Rusumo, pale penye mitambo ya umeme ya megawati 80 ambayo nchi tatu zinagawana. Kuanzia hapo ni Kagera, inapanda kaskazini ikiwa mpaka wetu na Rwanda, kisha inazunguka kuelekea Ziwa Victoria. Viboko wamo humo. Wanashinda Tanzania, wanakula Rwanda, wanarudi alfajiri, na hakuna aliyewahi kuwauliza namba ya NIDA. Upande wa Biharamulo nako, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa 2019 yakawa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707. Kwa hiyo kiboko ana ardhi, ana askari wa kumlinda, na ana bendera.

Kaa ana jiwe. Tena la kuazima, mvua ikija inalihamisha.

Mnyama mwenyewe ni huyu: tani moja na nusu, dume likishiba miaka linafika tatu. Mchana kutwa yumo majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Inatoa majimaji yanayoanza bila rangi, yanageuka mekundu, halafu kahawia. Watu wa zamani walisema anatoka jasho la damu. Mwaka 2004 wanasayansi wa Japani waliyachambua wakakuta ni rangi mbili zinazomkinga na jua na vijidudu. Majini haogelei kama wengi wanavyodhani, anatembea chini kwenye mchanga na kuibuka kila baada ya dakika chache kuvuta hewa, hata akiwa usingizini. Ndugu yake wa karibu kati ya wanyama walio hai si nguruwe, ni nyangumi. Mwalimu alilikataa hilo kwa dakika kadhaa, akaja kulikubali kwa masharti.

Usiku ndio habari yenyewe. Giza likishaingia anatoka, anafuata njia yake ile ile, na kabla hakujapambazuka ameshatia tumboni karibu kilo 40 za majani. Kiboko hajui kusoma, hajui haya majani ni ukoka na haya ni mahindi ya mtu anayesubiri ada ya mtoto. Asubuhi unakuta mstari umepita shambani upana wa mkokoteni, nyayo za vidole vinne zimejaa maji, mabua yamelala upande mmoja, na mihogo ambayo hakuila ameikanyaga. Huyo mzee wa koti la mvua anaijua picha hiyo bila kuhitaji bando. Alituambia watu wa kando ya mto hulala shambani na debe, tochi na moto, na kwamba kosa kubwa kuliko yote si kukutana na kiboko, ni kusimama kati yake na maji. Akikimbia anaweza kufika kilomita 30 kwa saa. Wewe na ndala zako?

Serikali inalijua jambo hili, na ina bei yake. Kanuni za 2011, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, zinamweka kiboko kwenye orodha ya wanyama hatari pamoja na tembo, simba na mamba. Ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa, 500,000 kwa ulemavu wa kudumu na 200,000 kwa jeraha. Mazao yaliwekewa kifuta jasho: kuanzia shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kutegemea shamba liko umbali gani na mpaka wa hifadhi, na zisizidi ekari tano. Kwa kanuni hizo, shamba lililo ndani ya nusu kilomita halikupata kitu. Yaani yule anayepumuliwa na kiboko sikioni ndiye aliyeambiwa pole kwa mdomo. Najua hoja yao, kwamba usilime mlangoni mwa mnyama. Lakini mto haukuhamia kwetu juzi, na mashamba ya kando ya mto ndiyo yenye rutuba. Msyuuu.

Halafu kuna ngozi. Wajerumani waliojenga lile boma la Biharamulo walikuwa na matumizi yake: ikikatwa ukanda mrefu na kukaushwa, ndiyo bakora iliyowachapa babu zetu hamsa ishirini, na jina la mnyama likabaki kwenye fimbo hadi darasani kwa Mwalimu wetu huyu. Mwalimu aliinamia kikombe chake. Wanafunzi wake wawili walikuwepo benchini.

Fundi baiskeli akaona ameshinda. "Kwa hiyo kiboko ndiye mkubwa. Kaa anafanya nini? Kaa hata mbwa hamwogopi."

Sikia, fundi. Shuka kwenye kijito chochote chenye mawe, inua jiwe taratibu kutoka upande wa chini ili maji yachukue matope. Utamkuta kajibana, rangi ya udongo uliolowa, magando yameinuliwa dhidi ya kitu kinachomzidi mara elfu. Mshike kwa nyuma, vidole viwili, mgeuze. Tumboni ana kifuniko kimekunjwa. Kikiwa chembamba, ni dume. Kikiwa kipana kimefunika tumbo zima, ni jike, na ukibahatika kwa msimu, kiinue kidogo: ndani kuna watoto. Si mayai tu; watoto wenyewe, kaa kamili, wadogo kama punje ya mtama, macho tayari, miguu tayari, wamemng'ang'ania mama.

Hapo ndipo kambakoche anaposhindwa mchana kweupe. Kambakoche jike wa kwetu hutaga mayai kwa malaki, yanaanguliwa kitu bapa kinachoonekana kama jani la kioo, na hicho kinachukuliwa na mkondo wa bahari miezi na miezi. Wachache sana hufika mwambani. Kaa wa mtoni asingeweza mchezo huo. Mtoto wa namna ile angesombwa na Ruvubu akajikuta Bukoba. Kwa hiyo kaa wa maji baridi hapiti hatua hiyo. Mayai yake ni machache, makubwa, na mama anayabeba mpaka watoto wawe kaa, halafu anawabeba tena kwa muda. Viumbe wengi wa gamba wana sifa ya kutelekeza, huyu katokea mlezi.

Na kiboko naye? Mimba miezi minane, mtoto mmoja, mara nyingi huzaliwa majini na kunyonya akiwa chini ya maji, na mama hukaa naye kando ya kundi kwanza. Mama wa maandazi ndiye aliyetoa hukumu hapa, maana sisi wanaume tulikuwa bado tunapima uzito: "Basi hao wawili wanafanana. Nyinyi mnaangalia nani mkubwa, hamwangalii nani analea." Kijana wa Feri akataka kumjibu, mama akamuuliza deni lake la maandazi limefika wapi. Akanyamaza.

Sasa nisije nikamtakatifuza kaa. Kaa ana kesi. Kuna inzi wadogo weusi wanaoeneza ugonjwa wa usubi, ule unaowasha ngozi miaka na miaka na mwisho kupofusha. Wataalamu walihangaika kutafuta aina mojawapo inakulia wapi. Mto unakaguliwa, mawe na majani yanageuzwa, hakuna kitu. Mwaka 1950 Van Someren na McMahon, watafiti waliokuwa Kenya, walikuta jibu limebandikwa mgongoni mwa kaa. Viluwiluwi vya inzi yule vinapanda kaa kama abiria wa bodaboda na kushukia hapo hapo vikiwa na mabawa. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 inzi yule alikuwa ameangamizwa magharibi mwa Kenya kwa DDT. Kwetu Tanzania usubi unajulikana Mahenge, Tukuyu na milima ya Usambara, na huko Usambara nako kuna inzi wa jamii hiyo anayemtumia kaa. Dawa ipo, Mectizan, ambayo kampuni ya Merck ilitangaza 1987 kwamba itaitoa bure. Dogo wa bodaboda akauliza kama dereva anashtakiwa kwa makosa ya abiria. Nikamwambia hilo aliulize kituo cha polisi, analijua kuliko mimi.

Kiboko naye ana kesi, tena ya kinyesi. Sehemu kubwa ya majani yale ya usiku anakuja kuitoa mtoni mchana, huku mkia ukirusha huku na huku. Watafiti walipiga hesabu Mto Mara: viboko zaidi ya 4,000, na kwa siku moja wanatia mtoni zaidi ya kilo 36,000 za mavi. Maji yakiwa mengi na yanakwenda, ni neema. Wadudu wa majini wanakula, samaki wanakula wadudu, na kaa, ambaye ni mla majani yaliyooza na kila kinachozama, hakosi chake. Maji yakipungua, kama vidimbwi vya kiangazi, kinyesi kile kile kinakula hewa yote ya majini na samaki wanaelea matumbo juu. Kwa hiyo ukiniuliza kama kiboko ni baba wa mto au mchafuzi wa mto, nitakuuliza kwanza maji yana kina gani. Na kina hicho hakipangwi na kiboko. Kinapangwa na wanaokata misitu, wanaolima mpaka ukingoni na wanaopiga pampu usiku.

Mwalimu akaleta ya Colombia, na hii ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Mapema miaka ya 1980, Pablo Escobar, yule tajiri wa dawa za kulevya, alijiletea viboko wanne shambani kwake. Escobar akauawa 1993, wanyama wengine wakagawiwa, viboko wakaachwa kwa sababu nani awabebe? Hakuna ukame wa kuwapunguza kule, hakuna simba. Leo wamepita 160, wamejaa mto Magdalena, na 2022 serikali iliwatangaza kuwa viumbe vamizi. Kabla ya hapo, Oktoba 2021, mahakama moja ya Marekani ilikubali viboko hao wahesabiwe kama wahusika wenye maslahi katika shauri lao. Kiboko wa Colombia ana wakili! Wa Kagera ana debe linalogongwa.

Na Wamarekani nao walitulipa. Mwaka 1970 aliwekwa katika Ziwa Naivasha, Kenya, kamba wa maji baridi mwenye asili ya Louisiana, mwekundu, magando mbele, ukoo mmoja na kambakoche wa picha ile. Aliletwa ili uvuvi unenepe. Miaka michache tu akawa anavuliwa na kusafirishwa Ulaya, watu wakapiga makofi. Kumbe huku nyuma anafyeka mimea ya majini, mayungiyungi yakatoweka, na wavuvi wakamlalamikia kwa kuwaharibia samaki waliokwisha nasa kwenye nyavu. Ukoo huo uko pia Ziwa Bunyonyi, Uganda, si mbali na sisi kwa hesabu za ndege, na mgeni akifika hotelini anaandaliwa sahani. Nchini Kenya walimjaribu pia kwa kazi ya kula konokono wa kichocho, na konokono kweli aliwala. Kwa hiyo tulibadilishana: wao wakachukua bonge letu, sisi tukapokea mgumu wao, na kila mmoja alipovuka bahari aliharibu mahali ambapo nyumbani kwake alikuwa mwananchi wa kawaida. Hilo la ubora mnalobishania liko wapi basi? Mtoe dubu Alaska umlete Murukulazo Januari, na manyoya yale, aende akalale shimoni kusubiri theluji. Atakuwa bora kwa lipi?

Fundi hakukubali. Fundi hakubali kitu mpaka akishike. "Mnyama mkubwa ana heshima yake," akasema. "Hata akifa, kijiji kizima kinajua."

Kinajua, ndiyo, na ndilo tatizo lake. Nenda Virunga, hapo Kongo. Miaka ya 1970 viboko walikuwa karibu 29,000, kundi kubwa mno. Vita ikaja, wenye bunduki wakaja, nyama ya mnyama mmoja inalisha kikosi na meno yake yanauzwa. Katikati ya miaka ya 2000 hawakufika 1,000. Wakaanza kurudi polepole, na Aprili 2025 kimeta kikawapiga, zikaonekana maiti zisizopungua 50 zikielea kwenye mto Ishasha kuelekea Ziwa Edward. Mwili ule ambao fundi anausifia ndio uliowafanya waonekane kwa mbali. Kaa wa vijito vile vile hakuna mwanajeshi aliyempotezea risasi.

Lakini msitoke hapa mkisema kaa amesalimika. Yeye anahitaji maji yanayopita na jiwe la kujificha, hasa siku anapovua gamba. Siku hizo mwili wake ni laini, hata mtoto wa shule anaweza kumbonyeza, na anakaa kimya mpaka gamba jipya ligande. Kijito kikijaa udongo wa mashamba, mawe yanazikwa, anakosa pa kujificha. Ukioshea humo bomba la dawa ya kunyunyizia kahawa, humuui kiboko. Unamuua kaa, tena wengi, na hutajua kwa sababu hawaelei na hakuna anayekuja kupiga picha. Hakuna kanuni ya kaa, hakuna fomu, hakuna afisa. Hilo tunaliona kila msimu na hakuna aliyewahi kusimamisha drafti kwa ajili yake.

Saa sita ilipofika bando la dogo lilikuwa limekwisha, abiria wawili wa Ngara mjini wamemponyoka, na fundi alikuwa bado kwa dubu. Mwalimu alisema yeye anampa kura nyangumi, maana ndiye ndugu wa kiboko aliyefanikiwa. Huyo ndiye Mwalimu.

Mimi kura yangu nampa kaa. Anaishi kwenye maji ambayo mimi mwenyewe nayachafua, analea watoto wake mkononi, anasafisha kinachooza, hali shambani mwa mtu, na hajawahi kuidai serikali shilingi. Wewe uliye upande wa kiboko, au hata wa dubu wako wa kwenye simu, kijiwe kiko pale pale na kahawa ni ya kununua. Njoo na hoja zako, ila usiniletee uzito.